Kitabu Kisomwe Kwanza, Ndipo Kihukumiwe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na vijana wa Nyakatuntu, Wilaya ya Kyerwa, juu ya sanduku la vitabu)

 

Tumeitwa hapa leo kujibu mashitaka. Hatuoni vibaya kuyajibu, maana sanduku lililowekwa mahali pa watu wote halina budi kuhesabiwa mbele ya watu wote. Mashitaka yenyewe ni haya: kwamba katika sanduku letu la vitabu kimo kitabu kinachowafundisha wasichana uhuni, kwamba kitabu hicho ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, na kwamba kisipoondolewa, basi sanduku lote lifungwe na ufunguo wake ukabidhiwe kwa wazee.

Sisi tunaojibu ni wasomaji wachache, wakulima wa kahawa, migomba na maharage kama ninyi. Jioni tukitoka shamba hukutana, mmoja akasoma kwa sauti na wengine wakasikiliza, kisha tukabishana mpaka taa inaishiwa. Hatukusomea vyuo vikuu. Kwa hiyo mtakayoyasikia leo siyo hukumu ya maprofesa. Ni maoni ya wasomaji tu, na kila mmoja wenu ana haki ya kuyapinga. Twamwomba jambo moja tu yule atakayetupinga: awe amesoma.

Sandukuni vimo vitabu kumi na kimoja. Tutavipitia vyote, kwa sababu haifai kumshitaki mtu bila kujua anaishi na jirani gani. Tutataja tulichokipenda na tusichokipenda, pasipo kumwogopa mwandishi kwa ukubwa wa jina lake.

KIJITABU KISICHO NA SIFA

Tuanze na kile kidogo kuliko vyote, kijitabu cha ugonjwa wa mnyauko wa migomba. Hakina hadithi wala mashairi, na jina la aliyekiandika hatulioni. Lakini tazameni jalada lake: limechakaa, kurasa zimeingia udongo na utomvu, na hiyo ndiyo sifa kubwa ambayo kitabu chaweza kupewa na wakulima. Mnyauko ulipoingia katika mkoa huu wa Kagera miaka ya 2000, wengi wetu tulidhani ni husuda ya jirani. Kijitabu kikatuambia kwamba ugonjwa huchukuliwa na wadudu wanaotua juu ya ua la mgomba, na huchukuliwa na panga letu wenyewe tunapotoka mgomba huu kwenda ule. Kikatufundisha kulivunja ua kwa mti wenye panda badala ya kulikata kwa panga, kulisafisha panga kwa moto au kwa dawa, na kuung'oa mgomba uliokwisha kuugua.

Kosa lake ni lugha. Kimejaa maneno ya maabara ambayo hata mabwana shamba huyameza. Mtu anayemwandikia mkulima hana budi kuandika kama anavyozungumza naye kibanjani. Hata hivyo twakipa kijitabu hiki nafasi ya mbele, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba kusoma ni kazi ya wavivu.

KUSADIKIKA NA MZIMU

Cha pili ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Wote mnalijua jina la mwandishi huyu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Katika kitabu hiki yumo Karama, aliyeshitakiwa kwa sababu alitaka watu wafundishwe elimu ya sheria. Anapewa siku sita za kujitetea, na kila siku anaeleza habari za mjumbe mmoja aliyetumwa nje, akarudi na mambo ya manufaa kwa nchi yake, na badala ya shukrani akatiwa kifungoni.

Twakipenda kwa ushujaa wake. Kumbukeni kiliandikwa wakati nchi ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza, na wasomaji wengi wamekiona kuwa ni fumbo la hali ile. Lakini tuseme kweli: watu wa Shaaban Robert ni wema mno au wabaya mno. Mwema hakosei hata mara moja, na mbaya hapati hata siku moja ya kujuta. Sisi hapa kijijini hatujamwona mtu wa namna hiyo. Tulipokuwa tukisoma, mama mmoja aliuliza, "Huyu Karama hakasiriki?" Hatukuwa na jibu.

Cha tatu ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichoshinda katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957–58, kikatolewa mwaka 1960. Hiki ndicho vijana hugombea. Mtu ameuawa, watu wanautazama mzimu, na Bwana Msa na kiko chake anawatazama watu. Wako wasemao kuwa hadithi za upelelezi ni upuuzi. Sisi twasema hapana. Kitabu hiki kinamfundisha kijana kuuliza: ni nani aliyefaidika, ni nani aliyekuwa wapi, na ushahidi uko wapi? Kijana akizoea kuuliza hivyo hawezi kudanganywa upesi, wala hatamshika jirani yake uchawi kwa sababu ng'ombe amekufa. Upungufu wake ni kwamba Bwana Msa hupewa akili yote, na wengine wote hubaki kushangaa. Lakini kinasomeka! Mtu huanza saa moja ya usiku, akashituka jogoo wanawika.

KAIZARI NA WANYAMA

Cha nne na cha tano tulivisoma kwa pamoja, na twawashauri nanyi mfanye hivyo. Cha nne ni Juliasi Kaizari, mchezo wa Shakespeare alioufasiri Mwalimu Julius Nyerere. Alikitoa mara ya kwanza mwaka 1963, alipokuwa Rais wa Jamhuri changa ya Tanganyika, kisha akakirekebisha na kukitoa tena mwaka 1969. Fikirini, ndugu zetu: mtu mwenye mzigo wa nchi nzima begani akaketi kutafuta neno la Kiswahili litakalokaa sawasawa katika mstari wa shairi! Aliona kwamba lugha yetu yaweza kubeba mzigo wowote, naye akaubeba ili watu waone.

Hatufichi kwamba kitabu hiki ni kigumu. Iko mistari tuliyoisoma mara tatu na bado ikatushinda. Lakini tulipofika pale ambapo Bruto anawahutubia watu wanamshangilia, kisha Antonio anawahutubia watu wale wale nao wanamgeukia Bruto, na yote hayo katika saa moja, tulicheka, kisha tukanyamaza. Tulijiona. Ni mikutano mingapi tumepigia makofi neno la kwanza, tukapigia makofi na neno la pili lililolipinga la kwanza?

Cha tano ni Shamba la Wanyama cha George Orwell, kilichofasiriwa na Fortunatus Kawegere mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, wanaandika amri zao ukutani, na usiku nguruwe wanazibadili kidogo kidogo. Kwa nini waliweza? Kwa sababu wanyama wengi hawakujua kusoma, na wale waliojua kidogo hawakuyaamini macho yao. Yumo farasi mwenye nguvu, mfanya kazi kuliko wote, ambaye hakuweza kuvuka herufi nne za mwanzo. Yumo na punda anayesoma vizuri kama nguruwe yeyote, lakini hapendi kujiingiza katika mambo. Siku punda alipofungua kinywa kusoma maneno yaliyoandikwa ubavuni mwa gari, farasi alikwisha kupakiwa kupelekwa machinjoni.

Twasema wazi kwamba punda yule alitutia aibu. Maana tuko wengi tunaojua kusoma, na hukaa kimya mpaka gari limeondoka.

NGUZO ISIYOSIMAMA

Cha sita ni Nguzo Mama, mchezo wa Penina Muhando, uliotolewa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji wanataka kuisimamisha nguzo, na kila wanapojaribu, nguzo inalala chini. Huyu hana nafasi kwa sababu ya mume, huyu kwa sababu ya ugomvi, huyu kwa sababu ya umaskini. Tulipokisoma, mama zetu walicheka sana, kisha wakaacha kucheka, na wanaume tukaanza kutazama chini.

Baadhi yetu walilalamika kwamba mwandishi hakutuonyesha njia. Mama mmoja akawajibu hivi: "Njia mnaijua. Nyumbani kwangu kuna ndoo mbili na mtu mmoja wa kuzibeba." Sisi twaona jibu hilo ni sehemu ya mchezo, ingawa halikuandikwa ndani yake. Kitabu kizuri huendelea nje ya jalada lake.

WAGENI WALIOTUANDIKA

Sasa twafika Karagwe yenyewe. Ninyi mnajua kwamba wilaya yetu ya Kyerwa ilimegwa kutoka Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Lakini ufalme wa Karagwe haukuwa na mipaka hiyo ya karatasi, na habari zake ni zetu sote.

Cha saba ni kitabu cha Kiingereza cha John Hanning Speke, kilichotolewa mwaka 1863, juu ya safari yake ya kutafuta chanzo cha mto Nile. Kijana wetu mmoja aliyemaliza sekondari alitufasiria kurasa za Karagwe. Speke na mwenzake Grant walifika kwa Mukama Rumanyika mwezi wa Novemba 1861. Walipokewa vizuri, wakapewa chakula na mahali pa kulala. Jambo lililotushangaza ni hili: Speke mwenyewe anaandika kwamba Mukama aliwaamkia kwa Kiswahili kizuri. Mwaka 1861! Wafanyabiashara kutoka pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, na lugha ilikwisha kupanda nao mpaka huku. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba Kiswahili ni nguo ya kuazima kwetu. Tumekuwa tukikivaa tangu siku za babu za babu zetu.

Lakini mgeni huyo huyo, aliyekula chakula chetu, alichukua kamba ya kupimia akampima mwanamke wa nyumba ya kifalme mkono, kifua na paja, kwa kuwa alikuwa mnene sana, kisha akaziandika hesabu hizo kitabuni ili watu wa Ulaya wasome. Tena alitunga maneno kwamba watawala wa nchi hizi lazima wametoka mbali kaskazini, kana kwamba mtu wa hapa hawezi kujenga ufalme. Maneno hayo yaliaminiwa miaka mingi, na katika nchi jirani yaligeuzwa kuwa sumu ya kuwatenga watu wa nchi moja.

Tulikasirika. Mzee mmoja alitaka kukitupa motoni. Tukamwomba asikitupe, kwa sababu ukitupa kitabu cha aliyekutukana, tusi linabaki huko nje na wewe umeupoteza ushahidi.

Dawa ya kitabu kibaya ni kitabu kingine kilicho bora, na ndicho cha nane: kitabu cha Israel Katoke juu ya ufalme wa Karagwe, kilichotolewa Nairobi mwaka 1975. Huyu ni mwanahistoria wa nchi yetu, na ametumia masimulizi ya wazee. Ndani yake Mnyambo siyo mtu wa kupimwa kwa kamba. Ni mtu mwenye ukoo, mwenye sheria, mwenye wafua chuma na wafugaji na wakulima, mwenye habari za karne nyingi. Tulipokisoma tulikaa wima.

Lakini nacho kimeandikwa kwa Kiingereza! Hatumlaumu mwandishi, maana wenye vyuo ndivyo walivyotaka. Ila tazameni hali yetu: wazee walisema kwa Kinyambo, habari zikaandikwa kwa Kiingereza, na mjukuu wa mzee aliyezisema hawezi kuzisoma mpaka afasiriwe na jirani. Ni kama mtu kuweka akiba ya maharage katika ghala la mtu mwingine, kisha akaomba ruhusa kila anapotaka kupika.

PWANI NA KISIWANI

Cha tisa ni Peponi cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1948, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza na kukitoa mwaka 1994. Kikaja kwetu kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Kijana Yusuf anatolewa na baba yake kwa mfanyabiashara ili kulipa deni, naye hajui. Anadhani anakwenda kumtembelea mjomba. Baadaye anafuatana na msafara kuingia bara.

Tulikipenda kwa kuwa hakimpendelei mtu. Utumwa umo, ukatili wa wafanyabiashara umo, na Wajerumani wanapokuja hawaji kama wakombozi. Lakini sisi watu wa bara tuna neno letu. Katika kitabu hiki bara linatazamwa kwa macho ya watu wa msafara, nao hutuita washenzi. Mwandishi anajua kwamba hilo ni kosa lao, nasi tumemwelewa. Hata hivyo tuliposoma tulitamani mtu aandike hadithi ya siku hiyo hiyo kutoka upande wa pili, kutoka kwa mtu aliyesimama kando ya mgomba wake akaona msafara unakuja, akajiuliza wamekuja kununua nini safari hii.

Cha kumi ndicho kinene kuliko vyote: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mume na mke hawapati mtoto. Jamaa wanasema hili na lile, na mume hakubali kumwacha mke wake. Ndani yake mna namna ya kutengeneza pombe, kulima, kuvua, kutibu na kuposa. Wako waliosema kinachosha. Ni kweli, ziko kurasa ambazo mtu hutembea polepole kama anayepanda mlima na mzigo kichwani. Lakini wazee wetu wawili waliosikiliza walisema, "Haya ndiyo mambo yenyewe, ila sisi hufanya hivi." Wakaanza kueleza rubisi yetu na ndoa zetu mpaka usiku wa manane. Hakuna kitabu kingine kilichowafungua vinywa namna hiyo.

Sasa sikilizeni habari za kitabu hiki, maana zinahusu shauri la leo. Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alimaliza kukiandika mwaka 1945, kwa Kikerewe, lugha ya mama yake. Hakupata wa kukichapa. Akaketi akakifasiri yeye mwenyewe kwa Kiswahili. Kikachapwa mwaka 1980. Miaka thelathini na mitano! Naye akafariki mwaka 1981. Mtu alilima akiwa na nguvu, na mavuno yakafika mlangoni wakati anaaga dunia. Kila tunapokichukua kitabu hiki twajiuliza ni wazee wangapi wa Nyakatuntu wamekwenda kaburini na kitabu kizima kichwani.

KITABU KINACHOSHITAKIWA

Kimebaki kimoja. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe pia, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Rosa Mistika alikitoa mwaka 1971. Mashitaka yenu hayakuanza Nyakatuntu. Kitabu hiki kilipotoka kilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye kikaruhusiwa na kuingizwa katika masomo ya wanafunzi wakubwa. Kwa hiyo wanaokiogopa wako wengi, nasi hatuwadharau.

Kinasema nini? Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi. Baba huyu hamlindi binti kwa kuzungumza naye. Humlinda kwa fimbo. Barua moja ya kijana inapoonekana, binti anapigwa vibaya. Hafundishwi kitu chochote juu ya mwili wake wala juu ya wanaume. Hufundishwa woga tu. Siku anapotoka nyumbani kwenda kusoma mbali, ile fimbo inabaki kijijini, naye hana kitu kingine mkononi. Anaanguka, anaangushwa, na wanaume wakubwa wenye vyeo wanashiriki katika kumwangusha. Mwisho wake ni mauti, kwa mkono wake mwenyewe.

Je, kinafundisha uhuni? Sisi tumekisoma kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho, wanaume na wanawake tukiwa pamoja, na ziko kurasa tulizosoma kwa haya. Hatusemi uongo. Lakini hatukumwona hata mmoja wetu aliyetamani kuwa kama Rosa, wala kama wanaume wale. Tulichokiona ni baba mmoja aliyetoka nje kabla ya mwisho, na kesho yake akatuambia kwamba amezungumza na binti yake kwa mara ya kwanza tangu avunje ungo.

Tuna lawama zetu juu ya kitabu hiki. Kezilahabi anamwadhibu Rosa kupita kiasi. Wanaume waliomharibu wengi wao wanakwenda zao, na msichana ndiye anayelipa. Twamwuliza mwandishi, ingawa hayupo kujibu: hapakuwa na njia hata moja ya kurudi? Tangu mwezi wa Novemba 2021 Serikali yetu imeruhusu wasichana walioacha shule kwa sababu ya mimba warudi kusoma. Kitabu cha mwaka 1971 hakikuwa na mlango huo. Basi tukikisoma leo na binti zetu, sisi wenyewe tuwaonyeshe mlango ambao Rosa hakuupata.

Sasa tuseme lililo zito. Wasichana wawili wa hapa kwetu waliacha shule kabla ya wakati wao, na wote mnawajua, hatutawataja. Imesemwa kwamba ni kitabu. Ndugu zetu, daftari la kuazima hili hapa mezani. Hakuna hata mmoja wa watoto wale aliyewahi kukiazima kitabu hiki wala kingine chochote sandukuni. Hawakuharibiwa na Rosa Mistika. Pengine kama wangekutana na Rosa mapema, wangemtambua yule mwanamume mwenye maneno matamu na soda mkononi. Hatuwezi kuapa kwamba ingekuwa hivyo. Lakini twaweza kusema kwamba ujinga haukuwalinda.

Tena twauliza. Speke alimpima bibi yetu kwa kamba, na hakuna mzazi aliyekuja kutaka kitabu chake kitolewe. Kezilahabi amemlilia binti yetu, na ndiye anayefukuzwa. Hapo haki iko wapi?

MAKOSA YETU, NA TUNALOLIOMBA

Nasi tuna kosa, na tunalikiri. Tuliliweka sanduku hili bila kuwaita wazazi kuwaeleza vilivyomo. Mtoto wa darasa la nne aliweza kuchukua kitabu cha mtu mzima, na hakukuwa na wa kumwuliza. Baba yetu aliyeleta mashitaka alikikuta kitabu chini ya mto wa mwanawe mdogo, na mzazi yeyote angeshituka. Hakuleta fitina, alileta neno mbele ya mkutano, na kwa hilo twamshukuru. Twaomba radhi.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, sanduku lisifungwe. Vitabu vya watoto na vya watu wazima vitengwe, na Rosa Mistika kikae kwa mtunza vitabu, kiazimwe na vijana wakubwa na wazazi tu. Pili, kabla ya kukata shauri la kukiondoa, kisomwe kwa sauti mbele ya wazazi, jioni tatu mfululizo. Baada ya jioni ya tatu pigeni kura, na mkisema kiondoke, sisi wenyewe tutakitoa bila kunung'unika. Lakini wapige kura wale waliosikiliza.

Tatu, tununue daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila juma mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, asimulie kwa Kinyambo, na kijana mmoja aandike, kisha tufasiri kwa Kiswahili kwa pamoja: habari za koo, za kahawa ya zamani, za vita vya mwaka 1978 na 1979 kama walivyoviona akina mama waliobeba watoto, za mashamba haya kabla hayajawa mashamba. Hicho kitakuwa kitabu cha kumi na mbili, na hakitangoja miaka thelathini na mitano. Waovu watakaokuwemo wasisitiriwe kwa sababu ni jamaa zetu, wala wema wasipakwe asali.

Ndugu Mwenyekiti, sisi hatukuja kukiombea kitabu msamaha. Kitabu hakina roho, nacho kikichomwa hakisikii maumivu. Tumekuja kuwaombea watoto wetu haki ya kujua, na kuwaombea wazazi haki ya kukasirika wakiwa wamekwisha kujua. Mtu akisoma akachukia, huyo ni msomaji mwenzetu, na tutampa kiti. Mtu akichukia kabla ya kusoma, naye kiti chake kipo, ila twamwomba aketi kwanza asikilize.

Jioni ya kwanza iwe Jumatano, saa moja. Taa tutaleta sisi.